Cha Mwenzio Kilicho Mkononi Mwako

    

Leo naanza kwa swali. Kadi ya mama yako iko wapi? Nasema ile kadi ya benki anayotolea pesa za HSNP, zile za mpango wa kuzisaidia kaya maskini. Ameifunga kwenye ncha ya leso? Ameificha sandukuni? Au iko dukani, kwenye droo, pamoja na kadi za akina mama wengine, zimefungwa kwa raba, na kila moja imebandikwa kikaratasi chenye namba ya siri ya mwenyewe?

Wengi mnalijua jibu. Sijaja kumwaibisha mtu. Nataka tuzungumze juu ya kitu cha mwenzio kinapokuwa mkononi mwako, naye hana njia ya kukukagua. Kwa maoni yangu hapo ndipo mtu anapopimwa kuliko mahali pengine popote. Mbele ya chifu kila mtu ni muungwana. Kanisani kila mtu ni muungwana. Lakini bibi mzee asiyejua kusoma akishakukabidhi kadi yake na kwenda zake, amebaki nani wa kukutazama?

Pesa hizi za HSNP zilianza kutolewa kwa majaribio mwaka 2009, hapa kwetu Turkana na kule Marsabit, Wajir na Mandera. Awamu ya pili ilipoanza mwaka 2013, kaya zikafunguliwa akaunti za benki, na malipo yakaja kufika shilingi 5,400 kila miezi miwili. Zimeokoa watu. Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, hata Rais Uhuru Kenyatta akatangaza ukame kuwa janga la taifa Septemba 2021, zilikuwapo nyumba hapa kwetu Loima ambazo mbuzi waliisha wote, na sufuria ikabaki kuitegemea kadi ile peke yake.

Basi, tumbo halingoji miezi miwili. Mama huenda dukani. Mwenye duka anamjua, anajua watoto wake ni wangapi, anampimia unga na mafuta na sukari kidogo, anaandika kwenye daftari. Na ili awe na hakika ya kulipwa, anaichukua kadi.

Huyu mwenye duka simwiti mwizi. Nataka hilo lisikike vizuri. Unga wake umetoka Kitale kwa lori, nauli yake inapanda kila barabara inapoharibika, naye ana deni lake kwa muuzaji wa jumla ambaye hataki kusikia habari za ukame. Alipompa mama unga mwezi ule ambao ndugu wote walizima simu, alifanya jambo ambalo sisi wenye mishahara hatukulifanya. Bila kukopeshana, nusu ya Turkana isingeweza kulala imekula. Kukopesha si dhambi.

Dhambi inaingia kadi inapoingia kwenye droo na hesabu ikaingia nayo. Tangu siku hiyo mama hawezi tena kwenda duka la pili ambako sukari ni rahisi. Hajui malipo yameingia lini. Hajui yameingia kiasi gani. Mwenye duka anakwenda kwenye mashine peke yake, anatoa zote, anarudi, anamwambia, "Mama, deni limebaki kidogo." Kidogo ni ngapi? Bei ya ule unga wa mwezi wa nane ilikuwa ngapi, ile ya siku ulipochotwa au ile aliyoifikiria baadaye? Daftari lipo, lakini limeandikwa kwa ajili ya mtu mmoja tu. Mwezi wa kumi mama anakopa tena, deni la zamani halijaisha, na miaka inapita kadi haijaona mwanga wa nje ya droo ile.

Haki hapa si jambo la kutafutwa mbali. Taja bei kabla hujachota unga. Mama achague mtu wake wa kushuhudia, hata mjukuu wa darasa la sita, naye mjukuu alisome daftari kwa sauti mama asikie. Siku ya malipo, mama mwenyewe asimame kwenye mashine na abonyeze namba zake mwenyewe, hata kama kila shilingi itahamia mkononi mwako dakika hiyohiyo. Na deni likiisha, kadi irudi nyumbani siku ileile, hata kama unajua kesho asubuhi atakuja kukopa tena. Ile safari ya kadi kwenda nyumbani na kurudi ndiyo inayomfanya abaki mteja wako. Bila hiyo amekuwa mateka wako, na wewe umekuwa mtu mwingine kuliko yule aliyempimia unga wakati wa njaa.

Sasa niwageukie wanaokopa, maana haki haiwezi kuwa ya upande mmoja. Wapo watu wanaoiacha kadi dukani kama dhamana, kisha wanakwenda kusema imepotea, wanapewa mpya, na ile iliyoko kwenye droo inakufa. Unga umeliwa. Watoto wameshiba. Ukimuuliza mtu huyo anakwambia, "Yule ana mali nyingi, tena si mtu wa hapa, ni Msomali, ni Mhabeshi, ni mtu wa kutoka juu." Ndugu yangu, deni halina kabila. Ulipokuwa na njaa hukumuuliza kabila lake. Na unayemuumiza zaidi si yeye, ni mama wa nyumba ya jirani, ambaye kesho ataambiwa, "Siku hizi sikopeshi watu wa kijiji chenu."

Haya ya hapa Lorugum yapo vilevile Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1992, na mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kutuma sehemu ya mgao kwa simu, utaratibu ulioitwa Bamba Chakula. Laini za simu nazo zikaanza kukaa kwa wenye maduka, kama kadi zetu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliochunguza madeni ya wakimbizi wa Kalobeyei, jirani na Kakuma, waliandika mwaka 2020 kwamba kaya nyingi zilidaiwa na wenye maduka ya chakula, na kwamba kuacha kadi kama dhamana lilikuwa jambo la kawaida. Hakuna aliyewafundisha wakimbizi kutuiga, wala sisi kuwaiga wao. Njaa inapokutana na malipo ya kungojea, matokeo yake ni yaleyale.

Halafu ukaja mwaka 2025. Msaada kutoka nje ulipungua, mgao ukakatwa, na kaya za Kakuma zikagawanywa katika makundi manne, kundi la mwisho likiambiwa halitapata kitu. Mnakumbuka maandamano ya Julai mwaka ule. Ninalotaka mlitazame ni deni. Mkimbizi alikuwa amekopa akitegemea mgao wa mwezi ujao. Mgao haukuja. Mwenye duka, ambaye naye alikopa kwa muuzaji wa jumla, akakaa bila kulipwa. Na nyuma yao wote yuko mama wa Kiturkana aliyetembea tangu alfajiri na mzigo wa kuni kichwani, aliyezoea kubadilishana kuni kwa posho na mama wa Kisudani Kusini ambaye wameitana dada kwa miaka. Siku hiyo alifika mlangoni, dada hana posho.

Je, hapo nani amekosa? Mimi nasema aliyeshindwa kulipa hajakosa, mradi aende kwa anayemdai akasema kwa mdomo wake, "Sina, na sababu ni hii." Anayekosa ni yule anayebadilisha njia ili asipite mbele ya duka, anayemtuma mtoto mlangoni aseme mama hayupo. Kutolipa kunaweza kuwa bahati mbaya. Kujificha ni uamuzi. Na anayedai naye ana mipaka yake. Aongeze siku. Asichukue godoro analolalia mtoto. Asimtazame binti wa nyumba ile kama malipo. Hili la mwisho nalisema kwa ukali kwa sababu sote tunajua linatokea, na wanaume hulizungumza kwa sauti ya chini kana kwamba ni biashara kama biashara nyingine.

Kuna watu wanaosema mambo haya ya uaminifu yanahitaji semina. Sisi watu wa Turkwel tulikuwa nayo kabla ya benki. Tazameni ekwar. Vijana wa mjini huenda hamjui, basi niseme kidogo. Kandokando ya mto Turkwel, miti ya ewoi, yaani migunga, ina wenyewe. Hakuna ua, hakuna waya, hakuna hati ya ardhi. Lakini kila familia inajua kipande chake cha msitu wa mto, ndiyo ekwar yake, kinaanzia mti gani na kinaishia wapi, na matunda ya ewoi yanayoanguka wakati wa kiangazi, chakula cha mbuzi wakati nyasi zimekwisha, ni ya familia hiyo. Edmund Barrow, mtaalamu wa misitu aliyefanya kazi hapa Turkana, aliandika juu ya utaratibu huu mwaka 1990, na wageni wengi wakashangaa kusikia kwamba watu waliowadhania wanatangatanga tu wana sheria ya miti.

Mgeni akija na mbuzi wake wakati wa kiangazi, hufika kwanza nyumbani kwa mwenye ekwar. Anakaa. Anaomba. Mara nyingi sana anakubaliwa. Kosa si kulisha mbuzi. Kosa ni kulisha bila kuomba. Matunda ni yaleyale, mbuzi ni walewale, mwenye ekwar huenda asingepungukiwa kitu. Lakini aliyeomba ameondoka akiwa rafiki, na asiyeomba ameondoka akiwa mwizi. Tofauti yote iko katika yale mazungumzo mafupi chini ya mti.

Mambo mengi yanayovunja nyumba zetu leo yako hapohapo. Mume anaondoka asubuhi kwenda mnadani Lodwar na mbuzi watatu. Ni mbuzi wa nani? Atasema ni wake, yeye ndiye mwenye boma. Lakini tangu zamani mke wa Kiturkana ana wanyama waliotengewa nyumba yake, anaowakamua na kuwalisha watoto wake. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver alipochapisha kitabu chake juu ya mifugo ya familia za Waturkana na Wajie mwaka 1955, alieleza mgawanyo huo nyumba kwa nyumba. Basi mume anayeuza mbuzi wa maziwa wa nyumba ya mkewe bila kumwambia, hata kama pesa zitalipa karo, amemfanya mkewe kuwa mgeni ndani ya boma lake mwenyewe. Kumwambia kungemgharimu nini? Maneno mawili kabla ya kufungua zizi. Wanaume wenzangu, tunaogopa kwamba tukiuliza tutakatazwa. Huenda tukakatazwa. Basi tuzungumze mpaka tuelewane. Ndiyo maana ya kuoa.

Kijana unayeshika simu ya mama yako kwa sababu yeye hasomi, wewe pia uko kwenye ekwar ya mtu. Ujumbe wa M-Pesa ukiingia, usome wote, pamoja na salio. Ukihitaji mia mbili, omba mia mbili. Mama hatakunyima.

Kwa wanaume waliozaa na binti ya watu kisha wakahamia Lodwar, Lokichoggio au Kitale wakabadilisha namba ya simu, sina maneno mengi. Wazee wana utaratibu wao wa fidia, na familia nyingi zinaufuata. Lakini kulipa ng'ombe kwa wazee hakumlishi mtoto mwenye miaka minne. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inasema baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Mtoto yule anajua jina lako.

Niseme jambo moja la mpakani, kwa kuwa kutoka hapa Lorugum barabara inapanda hadi Lokiriama. Mnajua palifanyika nini pale mwaka 1973. Wazee wa Waturkana na wa Wamatheniko wa Uganda walifanya amani, wakazika silaha ardhini, na mpaka leo tunakusanyika pale kuikumbuka. Serikali mbili zimetia saini mambo yao tangu wakati huo; Rais Kenyatta na Rais Museveni walikutana Moroto Septemba 2019 kwa ajili hiyo. Naziheshimu saini hizo. Lakini ninaamini amani ya Lokiriama imeishi miaka yote hii kwa sababu ya urafiki wa mtu na mtu. Kiangazi kikizidi, fulani wa Loima anavuka na ng'ombe zake kwenda kwa rafiki yake upande wa pili, anapewa maji na malisho, na mwaka mwingine rafiki huyo ataletewa mbuzi.

Urafiki huo una gharama, na gharama yake haionekani mpaka siku ng'ombe wa rafiki wanapopotea na nyayo zinaelekea upande wa watu wako. Siku hiyo kila mtu anakuambia unyamaze. Kaka yako anasema, "Huyo ni mtu wa mbali, mimi ni damu yako." Ukinyamaza hujaiba kitu, mikono yako ni safi, lakini umemwacha mtu aliyekunywesha maji. Ukisema, unaweza kukosa ndugu wa kukaa nawe chini ya mti wanapokutania wanaume kwa miezi. Mimi nasema useme. Wapo wazee katika vilima hivi vya Loima waliowahi kusema, wakafuata nyayo hadi kwenye zizi la jamaa zao wenyewe na kuwarudisha wanyama, na ni kwa ajili ya watu wa namna hiyo vijana wetu wanavuka bado wakati wa kiangazi na kurudi hai.

Nimebakiza jambo linaloniuma kuliko yote. Ni mtoto.

Familia iliyoko raiya, kule kwa wafugaji, mbali na mji na shule, inamtoa mtoto wa miaka minane au tisa, inampeleka kwa shangazi au mjomba Lodwar. Maneno yaliyosemwa siku ile yalikuwa machache: "Asome." Baba alitoa mbuzi, mama alimfunga mtoto shanga mpya, wakarudi kwa mifugo. Hawana namna ya kuja kila wiki. Wamekabidhi kitu chao kikubwa kabisa duniani, hawakuomba risiti.

Nenda Lodwar saa tatu asubuhi siku ya shule, zunguka mitaani. Utawaona. Msichana amebeba mtoto wa mwenye nyumba mgongoni, ana dumu la lita ishirini mkononi, anangoja zamu kwenye bomba. Watoto wa nyumba ile wako darasani. Yeye alikwenda shule wiki ya kwanza, akakosa Jumatatu kwa sababu ya nguo za kufua, akakosa Alhamisi kwa sababu mtoto mchanga ana homa, kisha hakuna aliyekumbuka tena kwamba aliletwa kusoma. Anakula mwisho. Analala jikoni. Elimu ya msingi ni haki ya kila mtoto bila malipo, kifungu kilekile cha 53 kinasema hivyo, na kinamkinga mtoto na kazi za kumdhulumu. Lakini msichana huyu hawezi kukisoma kifungu hicho, kwa sababu aliyepaswa kumpeleka shule amemtuma maji.

Najua utakavyojibu wewe shangazi, na jibu lako lina uzito. Una mshahara mmoja, na nyumbani kwako wanakula watu kumi na wanne. Kila jamaa anayekuja hospitali anafikia kwako. Hukumwomba mtoto huyu; uliletewa, na kwa mila yetu hukuweza kusema hapana. Yote ni kweli. Wala sisemi mtoto asisaidie kazi. Mtoto wa Kiturkana hufanya kazi popote alipo, na kule raiya angekuwa na mbuzi. Kipimo changu ni kimoja tu: je, wazazi wake wakiingia sasa hivi bila kutarajiwa, utaendelea na ulilokuwa ukilifanya, au utamwita haraka avae sare?

Kama umeshindwa, tuma habari useme umeshindwa. Hilo nalo ni kutenda haki. Waambie wazazi wamchukue, au mtafute pamoja shule ya bweni, shule za misheni zipo. Mzazi ataumia siku moja. Akija kugundua baada ya miaka mitano kwamba binti yake alikuwa mfanyakazi asiyelipwa ndani ya nyumba ya ndugu, hataumia siku moja.

Nanyi majirani mnaoona, msiseme si mtoto wetu. Mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu anataka kujua, na afisa wa watoto yuko Lodwar.

Basi ombi langu ni hili, na ni kwa kila aliye na mtoto wa ndugu nyumbani kwake, Lodwar, Kakuma au hapa Lorugum. Wiki hii tafuta namba ya mtu yeyote aliye karibu na wazazi wa mtoto huyo, iwe ya mwalimu, ya katekista au ya mwenye duka. Piga, omba mama yake aitwe. Akifika, mpe mtoto simu, kisha wewe utoke nje, ufunge mlango, umwache azungumze na mama yake mpaka amalize.